Dawa zilizoisha muda kulinda chuma ndani ya asidi

Fundi wa Mabati: Ndugu zangu, habari za kazi. Karakanani kwetu tunaosha vyuma kwa asidi ya haidrokloriki kabla ya kuvichovya kwenye zinki. Asidi ikishamaliza kutu haikomi hapo, bali huendelea kula chuma chenyewe huku mapovu ya haidrojeni yakipanda, na sahani nyembamba hutoka na vishimo. Nimesoma kwamba watafiti wamepunguza ulaji huo kwa dawa za hospitali kama ampisilini na metronidazoli. Jirani yangu mwenye duka la dawa ana makopo ya dawa zilizoisha muda. Je, jambo hili lina ukweli, na ninaweza kuzimimina pipani?

Mkemia: Ndugu Fundi, ukweli upo. Molekuli za dawa hizo zina atomi za naitrojeni na oksijeni, na ampisilini ina salfa pia. Atomi hizo zina jozi za elektroni zisizo na kazi, na kwa jozi hizo molekuli hushikamana na uso wa chuma na kuufunika, hivyo asidi ikapata nafasi ndogo ya kuugusa. Wala si jambo geni kama majarida yanavyolivumisha: heksamini, dawa ya zamani ya maambukizi ya njia ya mkojo, imetumika viwandani kwa miaka mingi kwa kazi hii hii. Jihadhari na joto, maana asidi ikipashwa, mara nyingi molekuli hubanduka.

Mpimaji: Usiamini kabla ya kupima. Kata vipande viwili vya chuma kimoja, visugue kwa msasa, vipime uzito, kisha kimoja kitie katika asidi tupu na kingine katika asidi yenye dawa kwa muda uleule. Cha kwanza kikipoteza miligramu 200 na cha pili 40, ulinzi ni asilimia 80. Tena kidonge si dawa tupu. Kina wanga na vijazio vitakavyochafua pipa.

Mfamasia: Mimi napinga, na si kwa sababu ya kemia. Asidi iliyochoka itamwagwa, antibiotiki zitaingia mtaroni, na huko watazaliana bakteria waliozizoea. Dawa zilizoisha muda huteketezwa chini ya usimamizi wa TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba Tanzania, hazigawiwi majirani. Heksamini nayo huua bakteria kwa kuachia fomaldehaidi, gesi yenye sumu, ndani ya mkojo wenye asidi. Pipani itafanya vivyo hivyo, kwa hiyo fungua madirisha.

Fundi wa Mabati: Nashukuru sana. Makopo ya jirani nayaacha. Heksamini nitaiulizia kwa wauzaji wa kemikali za viwandani, na vipande viwili nimeshavikata. Kilichobaki ni kuazima mizani shuleni.