Sili wanakula samaki kiasi gani kweli? Tusiwaue kwa namba ya kukisia

Wadau, huu mjadala wa Kanada kuhusu sili, wale wanyama wa baharini wanaonyonyesha, hauishi. Wavuvi wa Newfoundland, kisiwa cha mashariki mwa Kanada, wanasema sili ndo wanamaliza kodi (cod, samaki wa bahari ya baridi) kwa hiyo wapunguzwe, na kila anayesema hivyo ana tani zake za kodi walioliwa mkononi. Uchungu wao naupata kabisa, serikali ilifunga uvuvi wa kodi Julai 1992 na watu kama 30,000 wakakosa kazi. Ila hizo tani zimepatikanaje?

Huko chini hakuna anayemwona sili akila. Watafiti wanaokota kinyesi au wanapasua tumbo la sili aliyekufa, wanatafuta vijiwe vya sikio vya samaki, manake kila aina ina kijiwe cha umbo lake na ukikipima unakadiria samaki alikuwa mkubwa kiasi gani. Njia nzuri, naikubali. Lakini vijiwe vidogo vinayeyuka tumboni, na sili akimla kodi mkubwa sehemu ya tumbo tu akaacha kichwa basi kijiwe kinabaki baharini na kwenye hesabu yako huyo kodi hajaliwa. Tena kinyesi kinaokotwa nchi kavu, kinaonyesha mlo wa juzi na jana, wakati sili anaweza kuwa alikula mbali huko miezi yote ya baridi. Ndo maana siku hizi wanapima na DNA, pia asidi za mafuta ya chini ya ngozi zinazoonyesha mlo wa wiki nyingi, na njia hizi hazitoi jibu moja.

Sasa chukua mfano wa kujitungia, sili milioni 1, kila mmoja tani 1 kwa mwaka. Ukisema kodi ni asilimia 2 ya mlo unapata tani 20,000, ukisema asilimia 6 zinakuwa 60,000! Hapo hujagusa idadi ya sili wenyewe, ambayo nayo ni makadirio, wala hujahesabu kwamba samaki mwenye mafuta kama kapelini anashibisha kwa kilo chache, wala kwamba sili wakizaa na wakibadilisha manyoya wanakula kidogo sana au hawali kabisa.

Najua kuna mtu ataniletea mfano wa kusini mwa Ghuba ya St. Lawrence, hukohuko Kanada, na ana haki, kule kodi wakubwa wanakufa kwa wingi hata bila uvuvi na wanasayansi wa serikali wanawataja sili wa kijivu kama sababu kuu. Hiyo hoja naiheshimu kwa sababu haikutegemea tani tu, waliangalia vifo vya kodi wenyewe. Ila usiibebe kule ukaipachika kwa sili wengine wa kaskazini, ambako meli kubwa ndo zilikomba kodi kabla ya 1992.

Na tani zilizoliwa si tani zitakazorudi ukiua sili, manake sili huyohuyo anakula pia samaki wanaokula makinda ya kodi.

Mi nachotaka, anayedai wapunguzwe alete makadirio ya chini na ya juu, aseme sampuli zilichukuliwa wapi na msimu gani, na aonyeshe kodi wangapi wangepona. Wenye data ya hivyo wekeni hapa tuichambue.