Wauza mabegi ya kamera mjini, hicho kiini macho cha kumwagia begi maji ya chupa kikome!

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Masika haya yametuumbua sisi wapiga picha wa harusi, sendofu na kipaimara hapa Dar, na waliotuponza ni wauzaji wa mabegi wanaojua fika wanachotuuzia.

Kisa chenyewe. Niliingia duka moja katikati ya jiji, jina silitaji ili uzi usifutwe. Nikamweleza muuzaji kinagaubaga: natembea kwa bodaboda, nabeba bodi mbili (kamera zenyewe bila lenzi), lenzi ya 24-70, lenzi ya 70-200 ile kubwa ya kuvuta mbali, na flashi, na mvua ikinikuta njiani mara nyingi sina pa kujibanza. Nataka begi litakalovumilia hali hiyo. Akanishushia begi la mgongoni lenye nembo ya kampuni kubwa, akataja laki mbili na nusu, tukakubaliana laki mbili. Kunihakikishia, akafungua chupa ya maji ya kunywa akaimwaga juu ya begi mbele ya macho yangu. Maji yakateleza yote sakafuni, kitambaa kikabaki kikavu. "Hili halipitishi maji kabisa, kaka."

Wenzangu kadhaa wameoneshwa mchezo huohuo kwenye maduka mengine, kwa hiyo nataka kila anayesoma hapa aelewe unavyofanya kazi. Kitambaa cha poliesta cha mabegi hupakwa utando mwembamba kwa upande wa ndani, na kikiwa kipya maji hayakiingii. Hata begi la shule la mtoto, likitoka dukani leo, utalimwagia na litabaki kavu. Lakini mvua haiingii kwenye begi kwa kupitia kitambaa. Inaingilia kwenye zipu, na inaingilia kwenye matundu ya sindano pale vipande viliposhonwa pamoja. Muuzaji anajua. Ndiyo maana anamwaga maji pale mbele palipo bapa, kwa sekunde chache, halafu anapafuta kwa kitambaa. Mwambie amwage juu ya zipu ya kati uone atakavyobadili mada.

Mimi mvua ilinikuta kati ya Bunju na Mwenge, nikiwahi ukumbini. Begi kwa nje lilionekana zima. Nilipolifungua nikakuta maji yameingia kwa zipu kubwa yakateremka hadi chini, na huko chini kumbe pametandikwa kadibodi, ikaloa na kuwa uji. Lililoniuma zaidi ni sponji. Wametia ile ya bei rahisi ya godoro, inayonyonya. Ilikunywa maji yote ikayashikilia, na lenzi ya 70-200 imelala juu yake. Lenzi hizi zinaweza kufika kilo moja na nusu hivi, zinakandamiza sponji na maji yanapanda kwenye pete za fokasi. Nikapiga ile sherehe kwa lenzi moja. Fundi alipoifungua hiyo nyingine akanionesha kutu kwenye saketi ya mota ya fokasi. Gharama ya kuitengeneza imepita mbali bei ya begi.

Nikarudi dukani na begi lao. Nikaoneshwa muhuri kwenye karatasi ya mauzo: mali ikishauzwa hairudishwi. Na karatasi yenyewe ni ya kuandikwa kwa mkono, hakuna risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Halafu yule yule aliyenimwagia maji ya chupa akaniambia, "Kaka, hili linazuia manyunyu, wewe umelipeleka kwenye mvua." Wakuu, mtu alishaambiwa kabla ya kupokea hela kwamba naenda mvuani!

Sasa angalieni watengenezaji wenyewe wanavyofanya, mtaona uongo ulivyo mkubwa. Lowepro, kampuni inayojulikana miaka mingi kwa mabegi ya kamera, ina mabegi yenye herufi AW kwenye jina, maana yake ni kwamba yanakuja na koti la mvua. Koti hilo hukunjwa kwenye mfuko wake palepale begini, unalivuta na kulifunika begi zima. Yaani mtu anayetengeneza mabegi ya kamera kwa taaluma hathubutu kukuambia kitambaa na zipu vinatosha kwenye mvua kubwa, anakupa koti juu yake. Halafu mtaani tunauziwa nakala zenye herufi hizohizo za AW, ukitafuta mfuko wa koti haupo, au upo na hauna kitu ndani! Hata zile zipu zenye utando wa plastiki unaong'aa, ambazo YKK ya Japani huziita AquaGuard, zimetengenezwa kupunguza maji kuingia. Hazikutengenezwa kwa kuzamishwa wala kwa masika ya saa nzima barabarani.

Kinachozuia maji kweli kina kipimo, na kipimo hicho kinaandikwa. Ni alama ya IP, tarakimu ya kwanza ni ya vumbi na ya pili ni ya maji. IP67 maana yake vumbi haliingii kabisa, na kifaa kinaweza kuzama kwenye maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30. Tarakimu ya pili ikiwa 4, hapo ni maji ya kurushwa tu, ya kunyunyizia. Masanduku magumu ya Pelican ya Marekani, yale ya plastiki nene yenye mpira kuzunguka mdomo wote, yapo yenye IP67, na yana kivalvu kidogo cha kusawazisha hewa ili ukishuka kwenye ndege kifuniko kisigande. Ukiuziwa "Pelican" haina kivalvu wala mpira wa mdomoni, umeshapigwa. Lakini sanduku la namna hiyo nani analifunga kwenye bodaboda kila Jumamosi? Ni zito, linafaa safari na gari. Mfuko wa laki mbili wenye zipu za kawaida ukiitwa "haupitishi maji" kwa maneno tu, bila tarakimu yoyote, ni dhuluma.

Na hata sanduku la kweli lina jambo ambalo hakuna muuzaji anayekueleza. Hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi. Ukitoka kupiga picha ufukweni ukafungia kamera humo na ule unyevu, umeufungia unyevu pamoja na lenzi. Fangasi wanaota kwenye vioo, na wakikaa muda mrefu wanakula utando wa kioo, hata ukisafisha alama inabaki. Kwa hiyo sanduku linahitaji vipakiti vya silika, vile vyenye chembe za kunyonya unyevu, na vikishanyonya vikaushwe au vibadilishwe. Mimi namlaumu muuzaji kwa hilo pia, kwa sababu silika ni kitu cha bei ndogo angeweza kukupa na sanduku, akakueleza kwa sentensi moja.

Nirudi kwenye mabegi, maana ndiyo tunayonunua wengi. Hakuna kinachokuzuia kulipima dukani, na mwenye duka akikataa usilipime ondoka. Washa tochi ya simu, iweke ndani, funga zipu zote, lipeleke begi kwenye giza chini ya kaunta. Mwanga ukipenya kwenye meno ya zipu au kwenye mishono, na maji yatapita hapohapo. Kisha bana vile vigawa vya ndani kwa vidole viwili. Vidole vikikaribia kukutana, hiyo sponji haitazuia hata kamera mbili zisigongane kwenye tuta. Sponji nzuri ni ile yenye vitundu vidogo vilivyofungika. Ukiweka mdomo ukapuliza, pumzi haipiti, na haiwezi kunyonya maji. Ya godoro pumzi inapita. Gonga chini ya begi kwa kidole usikilize kama ni kadibodi. Mikanda ya mabegani itazame pale iliposhonwa na begi: mshono uwe wa mraba wenye msalaba ndani yake, kwa sababu mstari mmoja wa uzi ukikatika ukiwa juu ya pikipiki, kamera zote ziko lami.

Halafu ule utando wa ndani niliousema. Kwa joto na unyevu wa Dar huwa unanata na kubanduka vipandevipande hata kama begi limekaa kabatini tu. Vile vipande vinaingia kwenye bodi ukibadilisha lenzi na kugandamana na sensa, kile kibapa cha ndani kinachonasa picha. Ukiingiza mkono kwenye begi la dukani ukahisi kitu kinanatanata, hilo limekaa stoo muda mrefu, usilichukue hata upunguziwe nusu bei.

Wenye kamera ndogo nao hawajasalimika. Kuna yale makava magumu ya kubana, ya zipu ya kuzunguka, yanayouzwa kwa jina la "saizi zote". Saizi zote ni uongo. Kamera ikicheza ndani ya kava inajigonga yenyewe kila hatua, na kava likibana sana linabonyeza kitufe cha kuwashia, lenzi inajaribu kutoka ikiwa imebanwa na gia zake zinavunjika. Nendeni na kamera yenyewe mkononi, ijaribuni mkiwa palepale.

Zamani tulikuwa na njia yetu, begi lilivalishwa rambo mbili mambo yakaisha. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 1, 2019, njia hiyo haipo, na sina ugomvi na katazo hilo. Ninachosema ni kwamba wauzaji wameona pengo na badala ya kuleta makoti ya mvua ya mabegi, ambayo si ghali, wanauza maneno.

Wasituambie pia kwamba muhuri wa "hairudishwi" ndio mwisho wa maneno. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mnunuzi kuhusu ubora wa bidhaa, na nembo za kughushi ni kazi ya Tume ya Ushindani. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa nayo inamlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji anataka kitu kwa kazi gani, akategemea ujuzi wake. Mimi nilimweleza. Begi ninalo, picha za sponji iliyoloa ninazo, maelezo ya fundi yameandikwa, na malalamiko nayapeleka Tume wiki hii. Jamani, daini risiti ya EFD na mwambieni muuzaji aandike juu yake alichowaahidi kwa mdomo. Akigoma kuandika "halipitishi maji", ameshawajibu.

Ninachoomba humu ni vitu viwili. Aliyeuziwa begi kwa mchezo wa chupa apandishe picha hapa, hasa za zipu, za chini ya begi na za sponji, nizikusanye zote ziende pamoja na malalamiko yangu. Na anayemjua fundi wa mabegi, awe Kariakoo, Ilala au popote, anayeweza kushona koti la mvua la begi kwa kitambaa cha mwavuli au turubai laini na kubandika utepe juu ya mishono, aweke hapa mtaa na bei. Nina harusi Jumamosi na mvua bado ipo.