Mrejesho: Kompyuta ya mtumba na mtandao wa nyumbani

Wakuu, niliwauliza nianze kubadilisha nini: kompyuta yangu ya mtumba inayojikokota, au ruta ya bei nafuu isiyofika chumba cha mwisho. Asanteni sana kwa ushauri.

Kompyuta imepona. Nimetoa diski ya zamani nikaweka SSD ya SATA (diski ya kisasa isiyo na sehemu zinazozunguka, yenye kasi zaidi), sasa inawaka upesi. RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) sikuigusa, GB 8 zinanitosha.

Kwenye mtandao ndiko kulikokuwa na kazi. Nilivuta kebo ya mtandao ya aina ya Cat 5e hadi chumba kile cha mwisho, kompyuta ikaonyesha kasi ya Mbps 100 (megabiti kwa sekunde) tu wakati ruta na swichi (kifaa cha kugawa mtandao kwa kebo) zote ni za Gbps 1, yaani mara kumi ya hiyo. Aliyesema nikague plagi za kebo, Mungu akubariki! Mbps 100 inatumia nyaya nne kati ya nane zilizo ndani ya kebo, lakini Gbps 1 inazitaka zote nane. Kwenye kebo yangu, waya mmoja haukushika kwenye plagi. Nilikata, nikabana plagi mpya, kasi ikapanda palepale. Kwa hiyo usikimbilie kuilaumu swichi ya bei rahisi kabla hujapima waya. Na kebo zilizoandikwa CCA ziepukeni kabisa: ni alumini iliyopakwa shaba, hukatika kirahisi.

Kilichobaki ni Wi-Fi ya simu. Mawimbi ya GHz 5 bado yanadhoofika ukutani, ila ya GHz 2.4 yanapita vizuri zaidi. Ruta nyingine ya zamani niliyo nayo nitaizima DHCP (kazi ya kugawa anwani za mtandao, ibaki kwa ruta kuu) na kuiunganisha na hiyo kebo, iwe inasambaza Wi-Fi chumba cha mwisho.