Masifu (walimu) wa kung fu, mtu mzima mwenye kitambi kaja kujifunza, hajaja kuadhibiwa!

Wakuu, salaam. Leo nimekuja na povu, wenye kupenda maneno laini wapite uzi mwingine.

Nimevuka arobaini, nina kilo 104, kazi yangu ni ya kukaa kwenye kiti tangu asubuhi mpaka jua linazama, na daktari alishanionya kuhusu presha. Nikaamua nianze kung fu. Sababu ni ile ile ya wanaume wengi wa rika langu: tumekulia kwenye vibanda vya video, Lufufu akitutafsiria, tukitoka nje tunarushiana mateke mpaka mashati yanachanika. Gym nimeshakwenda, kunyanyua vyuma kunanichosha akili kabla ya mwili. Nilitaka kitu chenye ufundi ndani yake.

Darasa lenyewe (jina sitaji, msiniulize) liko kwenye ukumbi wa shule hapa Dar, sakafu ya saruji tupu. Watu wazima tulikuwa kundi zuri tu: fundi majokofu, dada mmoja muuguzi, dereva wa bajaji, mimi wa mahesabu. Tukachanganywa na vijana wa kidato cha nne ambao wakianguka wanainuka wanacheka. Hakuna aliyetuuliza chochote. Presha, kisukari, goti lililowahi kuumia, hakuna. Kilichoulizwa ni hela: ada ya mwezi 60,000, kiingilio mbali, sare mbali.

Kisha jalamba. Kuzunguka ukumbi mpaka ulimi nje, halafu kichura kutoka ukuta hadi ukuta, pushapu za ngumi juu ya saruji, halafu kichura tena. Jamani, kichura! Kile kile alichoturusha mwalimu wa zamu kwa kuchelewa mstarini. Mtu wa kilo mia na ushee anaruka akiwa amechuchumaa, anatua uzito wote ukiwa kwenye goti lililokunjwa, tena na tena, na kijana msaidizi anampigia makofi: "Twende mzee, twende!" Darasa ni la saa moja na nusu. Jalamba linakula saa nzima. Nusu saa inayobaki tunasimama mabu huku sifu yuko kwenye simu.

Kwa wasiojua, mabu ni ule mkao wa kama umepanda farasi, miguu imepanuliwa, mgongo umenyooka. Paja kulala sawasawa na ardhi ni kipimo cha mtu aliyezoea. Anayeanza anakaa juu juu tu, magoti yanaelekea kule vidole vya miguu vinakoelekea, anapumua kawaida, akianza kutetemeka anainuka, anajinyoosha, anarudia. Sisi tuliwekewa fimbo juu ya mapaja tangu mwanzo. Fimbo ikianguka, kichura. Basi kila mtu kabana pumzi, mishipa ya shingo imemtoka. Kubana pumzi huku umekaza misuli kunapandisha presha ghafla. Dada muuguzi akalisema hilo kwa adabu kabisa, "Samahani sifu, wengine hapa tuna presha." Akajibiwa mbele ya watu, "Dada, hapa si hospitali." Hakurudi tena, na ndiye aliyekuwa na akili kuliko sisi wote.

Sasa niwape ya msamba. Fundi majokofu, mtu wa miaka hamsini na kidogo, kakalishwa chini mgongo ukutani. Vijana wawili kila mmoja kashika mguu wake, wanavuta kwenda pembeni. Sifu kapiga goti mbele yake, kambana mapaja kwa mikono, anamwambia "pumua, pumua". Mzee wa watu anasema inatosha. Wanaongeza. Tukasikia kitu kimelia, kach, na uso wake ukabadilika rangi. Sifu akainuka akasema, "Imefunguka." Imefunguka nini? Yule bwana wiki zilizofuata alikuwa anapanda daladala kwa kuinua mguu wake kwa mkono. Misuli ya paja la ndani ya mtu aliyekaa kwenye viti miaka thelathini haivutwi na vijana wawili. Inalainishwa taratibu, mwili ukiwa umeshapata moto, na mwenye mguu ndiye anayesema basi. Misuli yenyewe ina nafuu, inajenga nguvu mapema. Kano na mishipa inayoshika goti huchelewa sana. Ndiyo maana mtu anajisikia ana nguvu mwezi wa kwanza halafu goti linamgeuka mwezi wa pili.

Na dereva wa bajaji? Huyu alipigishwa kichura na squati mpaka akashindwa kushuka ngazi. Siku mbili baadaye anakojoa mkojo wa rangi ya soda nyeusi. Akadhani ni UTI. Hospitali wakamlaza, drip juu ya drip, wakamweleza kwamba misuli imevunjikavunjika kwa kazi iliyozidi, mabaki yake yameingia kwenye damu na figo zinahangaika kuyachuja. Ni jambo linalojulikana, linawapata makuruta jeshini na watu wanaoanza mazoezi kwa pupa. Yeyote anayesoma hapa: ukifanya mazoezi makali, misuli ikavimba na kuuma kupita kawaida na mkojo ukageuka rangi ya chai nzito, usinywe dawa ya maumivu ukalala. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Sifu alipopewa taarifa alisema jamaa ni "mlaini".

Lakini kilichonipandisha hasira mpaka nikakaa kuandika ni hiki. Nilimfuata sifu kwa heshima zote nikamwomba anianzishie wubuquan. Ni fomu, yaani mfululizo uliopangwa wa mikao na mapigo, fupi ya mikao mitano, ambayo China kwenyewe wanapewa wanaoanza. Akaniangalia tumboni, akasema, "Wewe punguza kwanza kitambi, ndipo nikufundishe." Mbele ya watoto wa kidato cha nne, ambao bila shaka walicheka.

Sasa wakuu, nisaidieni. Nimelipa hela nifundishwe kung fu, moja ya faida nilizozitegemea ni kitambi kupungua, halafu naambiwa kitambi kipungue ndipo nifundishwe kung fu! Kama ningeweza kukipunguza mwenyewe ningekuja kufanya nini kwako? Hiyo 60,000 ni ya kukodi sakafu? Na wubuquan inafundishika kwa mwili wowote. Pubu, ule mkao wa kushuka upande mmoja mguu mwingine umenyooshwa, mtu mzito anaufanya nusu, anashika hata kiti. Gongbu, ule wa hatua ndefu goti la mbele limekunjwa, anaufanya mfupi. Mkono unapita wapi, kiuno kinageuka lini, macho yanaangalia wapi, hayo hayahusiani na kilo zangu. Mwalimu anayejua kazi yake anafundisha hayo siku ya kwanza, na jasho linakuja lenyewe.

Najua wapo mtakaoniletea habari za Shaolin, lile hekalu la kung fu la jimbo la Henan, China. "Kule Henan wanateseka tangu alfajiri." Sawa, ni watoto wanaoanza wadogo, wanalala pale pale, hawana foleni ya Gongo la Mboto wala bosi. Na hao hao Wachina, mwaka 1956 kamati yao ya michezo ilikaa ikafupisha taiji (tai chi, ile ya pole pole) ikawa ya miondoko 24, ili raia wa kawaida, mzee na mgonjwa, aweze kujifunza. Serikali nzima iliona haja ya kumpunguzia mtu wa kawaida. Sifu wa ukumbi wa kukodi yeye haoni. Bruce Lee mwenyewe, na mwili ule, mwaka 1970 aliumia mgongo kwa kuinama na chuma mabegani bila kupasha mwili vya kutosha, akakaa miezi bila mazoezi. Na mimi wa mahesabu je?

Tena msinianzishe kuhusu mikanda. Tulitangaziwa mtihani wa mkanda wa njano, 40,000, na hatujafundishwa hata fomu moja! Mkanda wa ngazi umetoka Japani, kwenye judo ya Kano Jigoro, kung fu ya zamani haikuwa nao. China walipoweka ngazi rasmi za wushu mwaka 1998 waliweka duan (ngazi) 9. Ukitaka kuazima mkanda azima tu, lakini nipime kwa kitu ulichonifundisha.

Masifu mnaosoma hapa, na najua mpo: muulizeni mtu magonjwa yake kabla ya hela yake. Watu wazima wapeni saa yao au kona yao. Anayesema inatosha aachwe. Na kichura kirudisheni kwa mwalimu wa zamu.

Mimi kung fu siachi. Sitaki kupigana na mtu wala kuruka ukuta, nataka nijue fomu moja vizuri na nipande ngazi za ofisini bila kusimama katikati. Mwenye kumjua mwalimu mwenye subira maeneo ya Tabata, Segerea au Kinyerezi, jioni baada ya saa kumi na mbili, aje PM. Ada ninalipa. Na wewe unayetaka kuniandikia "mkuu nenda zumba", pita kimya kimya, nimeshaambiwa na mke wangu.