Datsun 240Z ya 1972: bodi ya 260Z na 280Z inaingia?

Mwana_Uyole:
Wakuu heshima kwenu. Niko Mbeya, Uyole, kuna Datsun 240Z ya 1972, gari ya michezo ya viti viwili, aliyoiacha marehemu baba mkubwa, usukani kulia, namba ya chasisi inaanzia na HS30. Injini ile L24 inawaka vizuri tu, shida ni bodi. Madigadi ya kushoto imeoza chini pale nyuma ya tairi, mlango wa dereva umeliwa chini, na ule mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu kingo zake zote zimeisha kwa kutu. Sasa kuna jamaa Mafinga ana 260Z, toleo lililofuata la gari hii, haitembei anauza spea mojamoja, alafu kuna ndugu yangu yuko Marekani anasema boneti na madigadi ya 280Z, toleo la baada ya hilo, kule anaweza kupata akanitumia. Mtaani wananiambia Z ni Z tu zote zinaingiliana, fundi wangu wa Mwanjelwa anasema hapana kila mwaka una bodi yake. Nani mkweli hapo? Hii gari kwetu ni ya ukoo, nataka irudi barabarani ikiwa na sura yake.

FundiBodi_Iringa:
Mkuu kabla hujapanda basi kwenda Mafinga mpigie huyo jamaa akusomee namba ya chasisi, imechapwa kwenye ukuta wa injini, ule unaotenganisha injini na viti, na kuna kibati pia humo ndani ya boneti. Ikiwa RS30 ni ya viti viwili kama yako, hapo utafurahi, madigadi, boneti, mlango mpaka mlango wa nyuma vyote vinaingia. Ikiwa GRS30 hiyo ni 2+2, ile ya viti vinne iliyoanza 1974, na hapo ndo watu wanapigwa. Kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma yako ni milimita 2305, ile ni 2605, yani wameongeza sentimita 30 nzima, kwa hiyo milango yake ni mirefu, vioo vya mlango virefu, paa lingine na mlango wa nyuma mwingine. Hata ukate na kuchomelea hutapata kitu cha maana. Ila kuanzia ukuta wa injini kwenda mbele ni zilezile, boneti na madigadi za 2+2 chukua bila wasiwasi.

Kwa hiyo fundi wako na watu wa mtaani wote wana ukweli nusu. Usiulize mwaka kwanza, uliza ni ya viti vingapi.

Mwana_Uyole:
Asante sana kaka. Nimempigia sasa hivi, kasoma GRS30. Basi mlango na mlango wa nyuma vimekufa hapo. Na hizo za Marekani je? Na fundi anauliza kama madigadi inachomelewa au bolti

Kiatu_cha_Safari:
Bolti mkuu, asikuguse na mashine ya kuchomelea. Madigadi ya mbele za hizi gari zote zinafungwa kwa bolti za spana namba 10, kuna mstari wa juu ukifungua boneti, kuna ya kwenye nguzo ukifungua mlango, na za chini pale kwenye kizingiti. Za chini ndo zinakuwa zimeoza, tia mafuta siku moja kabla zisije kukatika. Kinachochomelewa ni ubavu wa nyuma.

Kuhusu Marekani: 280Z iliuzwa Marekani na Kanada tu, 1975 mpaka 1978, zote usukani kushoto, lakini bati la nje halijui usukani uko wapi. Boneti yake inakaa kwenye yako, ila mwambie ndugu yako akwepe ya 1977 na 1978, hizo zina matundu ya hewa juu na gari yako haikutoka hivyo. Madigadi za kule zina tundu la taa ndogo ya ubavuni, za Japani nyingi zina tundu la kioo cha pembeni maana kule vioo vilikuwa vinakaa juu ya madigadi, vyote hivyo fundi anaziba. Mlango wa 280Z wa viti viwili unakaa kwenye bawaba zako japo ni mzito, wameweka chuma cha kuzuia kugongwa ubavuni, achukue na kitasa chake pamoja na kile kinachopokea kwenye nguzo.

Ambacho asihangaike nacho ni bampa na taa. Sheria za Marekani ziliwalazimisha kuweka mabampa makubwa, indiketa za mbele zikahamishwa juu ya bampa wakati za kwako ziko chini yake, na nyuma taa za rivasi zikashushwa zikatengwa na zile kubwa kwa hiyo bati lote la nyuma likabadilika. Ukichanganya hapo gari inapoteza uso kabisa. Na hii ndo bodi iliyoshinda mbio za magari za Safari ya Afrika Mashariki 1971 na dereva Edgar Herrmann, ikarudia 1973 na Shekhar Mehta, jamani tuitunze.

FundiBodi_Iringa:
Nimekubali yote hapo juu. Naongezea mlango wa nyuma: 240Z za mwanzo kabisa, mpaka mwanzoni mwa 1971, zina matundu mawili ya hewa kwenye huo mlango, baadae yakahamia kwenye nguzo za pembeni pale penye alama ya duara. Yako ni ya 1972 ina ya kwenye nguzo, kwa hiyo atafute usio na matundu, hata wa 260Z au 280Z ya viti viwili.

Na mlango wa dereva mi ningeuponya huohuo. Kama kilichooza ni chini tu, kata bati la nje kipande, chomelea bati jipya, safisha vile vitundu vya kutolea maji ndani maana vikiziba kwa mvua zetu hizi za Mbeya unaoza tena. Usikubali kujaziwa fila, ile lami ya kuziba mashimo ya bodi. Alafu ukifunga madigadi usikaze kitu mpaka boneti na mlango vifungwe uone nafasi ziko sawa pande zote, rangi ndo iwe ya mwisho.

Mwana_Uyole:
Ndaga fijo wakuu. Jumamosi naenda Mafinga nachukua madigadi zote mbili na bolti zake, na ndugu yangu nishamtumia ujumbe atafute mlango wa nyuma usio na matundu. Kioo chake akiache kule au kisafiri nao?

Kiatu_cha_Safari:
Akiache, kikipasuka njiani kitakwaruza na bati. Cha kwako si kizima? Hamisha hicho, nunua mpira mpya tu.