Tupeane uzoefu: mliobeba kombe, mwaka wa pili mliishia wapi?

Baba Majengo
Kijana wangu ameona Leicester kwenye televisheni akaniuliza, "Baba, hawa ni kina nani?" Nikamwambia hao walikuwa mabingwa wa Uingereza 2016, kocha Ranieri. Februari 2017 Ranieri akafutwa, na msimu ukaisha wakiwa nambari 12. Akacheka, akadhani natunga hadithi. Basi nikakumbuka timu yetu ya mtaa. Tulichukua kombe la Ramadhani, tukazungushwa na pikapu mpaka Mwembe Tayari, honi juu. Mwaka uliofuata tukatolewa raundi ya kwanza na watoto wa shule. Si kwamba mpira ulitutoka. Kila mmoja alikuwa anaujua kuliko mwenzake, na kuagizwa kurudi kukaba ikawa ni matusi. Hebu waliopitia haya semeni, ilikuwaje? Waliotetea kombe pia mnakaribishwa, lakini kwa adabu.

Njumu za Kukodi
Yetu ilikufa siku ya kugawana zile pesa za zawadi. Mengine sisemi.

Sina Timu
Hata yetu. Pesa tu.

Bint Tudor
Kwani kushinda ni kwa wanaume peke yenu? Sisi tulikuwa mabingwa wa voliboli, shule za Pwani. Wachezaji sita wa kuanza, wanne walikuwa kidato cha nne. Disemba wakamaliza mtihani wakaenda zao, Januari sisi tuliobaki twapita kila asubuhi chini ya ukuta ulioandikwa MABINGWA kwa rangi nyekundu. Mwalimu mkuu kila mgeni akija amleta pale, atuita tusimame, tupigwe picha. Mimi nilikuwa wa akiba, ule ubingwa niliuona kutoka benchi, sasa nasimama mbele ya ukuta natabasamu!

Na jambo ambalo hatukuambiwa na mtu: kwetu sisi ilikuwa mechi ya Jumamosi ya kawaida, kwa wao ilikuwa fainali. Shule ambazo zamani zilikuwa zikija na wachezaji saba na mwalimu mmoja, sasa zaja na basi zima, ngoma na vuvuzela. Wamejua tunavyoanzisha mpira, wamejua nani haokoi mpira wa chini. Tulipigwa seti tatu bila na shule ambayo sikuwa hata najua iko upande gani wa Kilifi.

Baba Majengo
Dada umesema kweli. Hiyo ya "kwao ni fainali" ndiyo iliyotumaliza na sisi.

Mzee Serani
Vijana, jambo hili si geni. Timu ya Feisal ya hapa hapa Mombasa ilichukua ligi ya Kenya 1965. Toka siku hiyo ligi haijateremka tena Pwani. Zambia nao walibeba Kombe la Afrika 2012. Mwaka uliofuata kule Afrika Kusini wakatoka hatua ya makundi, na hawakufungwa hata mechi moja. Sare tatu, wakarudi nyumbani. Algeria bingwa 2019, mashindano yaliyofuata wakashika mkia wa kundi. Ubingwa una hesabu zake.

Mwana wa Bandari
Mzee wangu shikamoo, lakini usipite kimya kimya. 2019 Bandari tulichukua Ngao, lile kombe la mtoano la Kenya, na kwenye ligi tukawa wa pili nyuma ya Gor Mahia.

Mzee Serani
Marahaba. Wa pili si ligi, mwanangu.

Mwana wa Bandari
Sawa, lakini mwaka wa pili wetu ulikuwaje? Tukaingia Kombe la Shirikisho Afrika, tukawatoa Wasudan, tukawatoa Watunisia Ben Guerdane, tukaja kukwama kwa Horoya ya Guinea mlangoni pa makundi. Na mechi zetu za "nyumbani" tulikuwa twachezea Kasarani, Nairobi, maana Mombasa hakukuwa na uwanja wa kukubaliwa na CAF, wakubwa wa soka Afrika. Timu ya Mombasa, nyumbani kwake ni safari ya usiku kucha kwa basi! Halafu mtu aniulize kwa nini hamkurudia.

Sina Timu
Na corona ikaja Machi 2020 ikamaliza ligi yenyewe, Gor wakapewa.

Kop ya Kongowea
Mimi naamini ni majeraha tu, si kiburi. Liverpool 2020 pointi 99, msimu uliofuata beki wetu van Dijk akavunjwa goti, tukafungwa Anfield mechi sita mfululizo.

Njumu za Kukodi
Kila bingwa ana van Dijk wake wa kusingizia.

Kop ya Kongowea
Wewe timu yako ilikufa kwa pesa za soda, usinifundishe mpira.

Baba Majengo
Adabu jamani. Nilisema.

Kipa wa Akiba
Naona mwazungumza Zambia na Liverpool. Ngojeni niwape ya Tononoka.

Tulichukua kombe la mheshimiwa mmoja. Siku ya sherehe, pilau ishapakuliwa, akaja bwana kavaa kanzu safi, asema yeye ni wakala, ana nafasi za kazi ya ulinzi Qatar, ataka vijana warefu wenye afya. Sasa timu iliyoshinda kombe ina nini kingine? Mabeki wetu wawili wa kati wakaenda kabla msimu haujaanza. Kiungo akaenda Saudia kuendesha lori. Kipa wetu, ambaye wallahi ndiye aliyekuwa timu yenyewe, visa yake ikachelewa. Kocha akasema maadamu kipa yupo, sisi tupo.

Mechi ya kwanza ya kutetea kombe. Jua la Januari, na golini mchanga mtupu. Hata hatujatoa jasho wakapewa penalti. Kipa akaipangua, ikarudi kwa yule yule mpigaji, akaipangua tena kwa mguu akiwa chini. Watu wakaingia uwanjani kumkumbatia, refa akawafukuza. Mimi niko benchi, jezi imenifika magotini, natafuna mabuyu, sina habari na dunia.

Mapumziko, bado bila kwa bila, tumekaa chini ya mwarobaini. Mara tuktuk yaingia mpaka ndani ya mstari. Nyuma ameketi mama yake kipa, begi jeusi mapajani, pasipoti ameinyanyua juu kama refa anayetoa kadi, amwita mwanawe kwa jina la madrasa ambalo sisi hatukulijua. Kumbe visa ishatoka, na safari ni jioni ile ile. Kijana alinyamaza, alitaka acheze japo nusu.

Kocha akashika chuma cha tuktuk: "Mama, nakuomba dakika arubaini na tano tu." Mama akamtazama toka kichwa mpaka ndara. "Na ndege ikimwacha, mshahara utamlipa wewe?" Kocha akaachia chuma. Hata nauli ya matatu tulikuwa twajilipia.

Kipa akavua glavu akanipa mimi. Zimelowa, ndani zina joto, kidole gumba kimetoboka kikafungwa plasta. Akanong'ona, "Nambari tisa hupiga kulia." Akapanda na njumu zake miguuni, akaenda.

Nambari tisa alipiga kushoto. Mara tatu. Tulilala tano bila.

Sina Timu
Subhanallah.

Bint Tudor
Alifika uwanja wa ndege au hakufika??

Kop ya Kongowea
Na ile foleni ya malori Changamwe? Hawezi kufika.

Njumu za Kukodi
Hii chumvi. Ndege za jioni za kwenda Ghuba watu wengi hupandia Nairobi.

Kipa wa Akiba
Yakhe, nani kasema alitoka hapa moja kwa moja? Alipanda ya Nairobi kwanza. Ngojeni nisali Magharibi nirudi.

Kushoto Tupu
Assalaam alaykum. Hiyo mechi naijua, tulikuwa sisi! Yalikuwa sita, si tano. Moja refa alilikataa, eti nimeotea. Na hakuna aliyepiga kulia, mimi mguu wa kulia ni wa kusimamia tu.

Kipa wa Akiba
Nimerudi, namkuta muuaji wangu yuko hapa. Waalaykum salaam. Lililokataliwa si goli, ndugu yangu. Tano.

Kushoto Tupu
Sita.

Bint Tudor
ALIFIKA?

Kipa wa Akiba
Alifika. Njumu alizivulia kwenye tuktuk. Alikaa Qatar miaka kadhaa, amemjengea mama nyumba Mtwapa. Kule alikuwa akicheza timu ya kazini, lakini golini alikataa katakata. Alikuwa straika. Aniambia kudaka amechoka.

Mzee Serani
Huyo mama apewe medali yake. Na mnaona? Bingwa hafi uwanjani, hufa sokoni. Leicester waliuza kiungo wao Kanté kwa Chelsea, Kanté akabeba ligi tena 2017 na Chelsea. Ubingwa alihama nao.

Kop ya Kongowea
Mzee, Misri je? Walichukua Afrika 2006, 2008 na 2010. Sokoni kwao kulikuwa kumefungwa?

Mzee Serani
Wengi wao walikuwa wakicheza kwao Cairo, pamoja, kila wiki. Na usikomee hapo, malizia: 2012 hata kufuzu hawakufuzu. Waliwaacha walewale mpaka wakazeeka pamoja.

Mama Jezi
Mimi huwafulia jezi timu mbili za Kisauni. Ushauri wangu: msitoe jezi mpya baada ya kombe. Wakivaa mpya kila mmoja ataka namba kumi.

Feri ya Alfajiri
Nimesoma yote nimeingiwa na baridi. Sisi Likoni twacheza fainali Jumapili hii. Sasa nifanyeje na timu yangu baadaye?

Njumu za Kukodi
Pesa zigawanywe usiku huo huo, mbele ya watu wote.

Sina Timu
Msigawe hata ndururu. Wekeni benki, saini tatu.

Bint Tudor
Anza kuwachezesha wadogo sasa hivi, si baada ya wakubwa kuondoka.

Mzee Serani
Wadogo kwenye fainali? Fainali huchezwa na wazee. Wadogo mwaka ujao.

Bint Tudor
Mwaka ujao utakuta ukuta na rangi, babu.

Kop ya Kongowea
Badilisha kocha akiwa bado anapendwa.

Mwana wa Bandari
Kocha abaki! Shida yenu mwafukuza makocha kama mwafukuza nzi.

Kipa wa Akiba
Kaeni na pasipoti ya kipa.

Mama Jezi
Kushika pasipoti ya mtu ni kosa, mtashtakiwa.

Kipa wa Akiba
Basi kaeni vizuri na mama yake.

Kushoto Tupu
Na ilikuwa sita.