Mrejesho: cherehani ya mguu au ya umeme (Moshi)

Wakuu, niliuliza cherehani ipi inifae kwa sare za shule na vitenge, huku kwetu Moshi umeme ukikatika hovyo. Asanteni sana. Nimechukua ya mguu, ile nyeusi ya chuma, na kama mlivyoshauri niliijaribu dukani kwa kitambaa changu mwenyewe. Moja ilirusha mshono (iliruka sehemu bila kushona) kwenye pindo la khaki, nikaiacha hapohapo. Nyingine ikapita bila kulalamika. Khaki natumia sindano namba 16, vitenge 14. Ila inashona mstari ulionyooka tu, zigizaga (mshono wa kwenda huku na huku) haina, kwa hiyo kingo za nguo bado napeleka overloki (mashine ya kuzishona zisifumuke) kwa fundi wa Mbuyuni, na hapo faida inapungua. Mkuu uliyesema niifunge mota ya umeme, nasubiri hela.